Kabla Hujalipia Gesi, Shika Rimoti

Wadogo zangu, fundi akiingia ndani, akaweka mkono mbele ya AC kidogo tu, kisha akatamka kwamba gesi imeisha, mkaribishe kiti na maji ya kunywa. Usimjibu kwa ukali, lakini hela usitoe bado. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama ile ya jikoni. Imefungwa ndani ya mabomba ya shaba, inazunguka humo humo, na mashine iliyofungwa vizuri inaweza kumaliza miaka yake yote bila kuongezwa hata gramu moja. Ikipungua, basi kuna mahali inavuja, na anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia kitu ambacho kitatoka tena.

Malalamiko ya watu wa Dar, Tanga na Mombasa yanafanana: AC inapuliza, chumba hakipoi. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye rimoti au kwenye feni ya ndani, na vyote viwili unaweza kuvikagua mwenyewe.

Anza na rimoti. Usiangalie namba ya joto kwanza, angalia alama iliyo juu yake. Kinyota cha theluji ni baridi, na hiyo ndiyo unayoihitaji mwezi wa pili joto likipamba moto. Ukikuta alama ya feni peke yake, kompresa ya nje imelala. Unapulizwa na hewa ile ile ya chumbani, hata ukiteremsha namba hadi 16. Mtoto akichezea rimoti, hapo ndipo inapoishia mara nyingi. Tone la maji ni kukausha hewa. Modi hiyo ni nzuri sana siku za masika Unguja na Tanga, shuka zinapokuwa na unyevunyevu, lakini mashine huendesha feni polepole kwa makusudi na kwa kawaida haikuruhusu kuongeza kasi. Si feni mbovu hiyo, wala gesi haijaisha.

Halafu kuna alama ya jua. Hii inawahusu wenye AC za njia mbili, ambazo kitaalamu ni pampu za joto. Ndani ya mashine ya nje kuna vali ya njia nne inayogeuza mwelekeo wa gesi, kiasi kwamba koili ya ndani iliyokuwa ya baridi inakuwa ya moto. Ila jua kwenye rimoti si ushahidi kwamba mashine yako ina uwezo huo, maana rimoti moja hutengenezwa kwa ajili ya mashine za aina nyingi. Soma kibati kilichobandikwa kwenye mashine ya nje: kama kuna kipimo cha kupoza tu, usitegemee joto.

Wadogo zangu wa Njombe, Makete na Limuru mnaowasha joto mwezi wa sita na wa saba, nataka mtulie hapa, kwa sababu ndio mnaodanganywa zaidi. Ukiwasha joto, feni ya ndani haianzi papo hapo. Inasubiri koili ipate moto kwanza ili isikupulizie baridi usoni. Kompresa nayo hujipa kama dakika 3 kila inapozimwa kabla ya kuwaka tena. Kwa hiyo ukibonyeza na kimya kikatanda, usianze kuzima na kuwasha. Unairudisha mwanzo kila mara. Na baridi ikiwa kali kweli, koili ya nje huota barafu. Mashine itasimamisha feni kwa dakika kadhaa, utasikia mvumo wa gesi ikigeuka, nje utaona mvuke na maji yakichuruzika. Inajiyeyushia barafu yake. Ikimaliza itarudi kuleta joto yenyewe.

Ugonjwa wa kweli ni huu: umeweka theluji, umesubiri, na bado inatoa joto. Hapo vali imekwama, au bodi haiipi amri sahihi. Mwite fundi.

Sasa feni ya ndani, ambayo watu huisahau kabisa. Watu wa mikoa yenye vumbi wanajua filta inavyojaa, lakini nyuma ya filta kuna feni ndefu ya mviringo, na kila upapi wake hushika vumbi na ukungu. Ikijaa, unaisikia ikivuma kwa nguvu huku hewa ikitoka kidogo. Koili ikikosa hewa ya kutosha hupoa kupita kiasi, ikaganda barafu, na barafu ikiyeyuka maji yanadondokea kitandani kwako. Ukiona barafu, usiikwangue kwa kisu. Weka alama ya feni peke yake hadi iyeyuke, zima umeme kwenye swichi ya ukutani, osha filta kwa maji, ianike kivulini ikauke, kisha rudisha baridi na feni ya kasi ya juu. Barafu ikirudi na filta ni safi, fundi afungue aoshe ile feni ya mviringo. Baada ya hapo ndipo gesi iingie kwenye mazungumzo.

Kipimo changu ninachokipenda ni rahisi. Weka theluji, namba 16, feni juu kabisa, funga milango, subiri dakika 15. Pima hewa inayoingia juu ya mashine na inayotoka chini kwa kipimajoto kimoja. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni dalili ya afya, ingawa unyevu wa pwani unaweza kuipunguza. Andika matokeo, umwonyeshe fundi.

Na nyie wasichana mnaosomea ufundi huu, ambao nawaonea fahari: hakikisheni modi kabla ya kufunga geji. Kwenye joto, bomba nene mlilozoea kupimia upande wa mgandamizo mdogo linageuka kuwa la mgandamizo mkubwa, na geji ya upande mdogo inaweza kuharibika mikononi mwenu. Kwenye AC za inverta, mgandamizo hupanda na kushuka kadiri kompresa inavyobadili mwendo, hivyo geji peke yake haitoshi kuhukumu kwamba gesi imepungua. Feni ikigoma kuanza kwenye joto, pimeni kwa mita ile sensa iliyochomekwa kwenye koili kabla ya kulaumu mota. Nyingi husoma kilo-omu 5 au 10 kwenye nyuzi 25. Feni ikianza kwa kusukumwa, tazameni kapasita, na kumbukeni inabaki na umeme hata swichi ikizimwa.

Ikithibitika gesi imevuja kweli, mwenye nyumba una haki ya kuonyeshwa tundu lilipo. Mara nyingi ni kwenye nati za mabomba, pakiwa na alama ya mafuta. Lizibwe kwanza. Kisha gesi iingie kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibati, na iwe ya aina ile ile: R-22 haichanganywi na R-410A, na R-32 inaweza kushika moto, kwa hiyo sigara na kiberiti vikae mbali. Fundi asiyekuja na mizani, mshukuru kwa muda wake na utafute mwingine.