Mdogo Wangu, Filamu Hizi Usizitazame Peke Yako

Mdogo wangu, umeniuliza uanze na filamu gani za kweli ili ujifunze historia ya watu weusi, na tayari umeshataja Harlem, Alabama na Soweto. Marekani tutafika. Kwanza tukae hapa kati ya Busia na Tororo, kwa sababu historia unayoitafuta imepita mlangoni kwenu.

Anza na General Idi Amin Dada, aliyoitengeneza Barbet Schroeder mwaka 1974. Amin mwenyewe alikubali kurekodiwa, na mara nyingi ndiye anayeamua watazamaji waone nini. Anapiga kodiani, anasimamia mazoezi ya vita, anawakaripia mawaziri wake kamera ikitazama. Utacheka. Kisha utaambiwa kwamba waziri wa mambo ya nje uliyemwona pale kikaoni alikutwa amekufa katika Mto Nile muda mfupi baadaye, na kicheko kitakukauka. Filamu ilipotoka Amin alidai vipande fulani vikatwe, akawazuilia Wafaransa waliokuwa Uganda mpaka Schroeder akakubali. Kwa hiyo kila ukitazama filamu ya aina hii, jiulize picha ile ilipigwa kwa matakwa ya nani.

Yasiyomo humo utayapata nyumbani kwenu. Februari 1976 Amin alitangaza kuwa sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda. Alikuwa na pa kushika: hadi mwaka 1902 Waingereza waliitawala nchi hii, kufika Naivasha, kama mkoa wa mashariki wa Uganda, ndipo wakaihamishia upande wa Kenya. Wasamia na Wateso hawakuulizwa. Ndugu akabaki huku, nduguye akawa kule. Kukhu wako, yaani bibi yako, alikuwepo mwaka ule wa 1976. Muulize hofu ilikuwaje, na muulize magendo ya kahawa yalivyopita usiku.

Ndiyo maana nakusihi usijifungie chumbani na simu. Kwenye vibanda vya video vya Uganda umemsikia vijei akiifasiri filamu ya Marekani kwa Kiganda, na upande wa Kenya tumekua na sauti ya DJ Afro akisimulia filamu. Kazi hiyo ifanye wewe sebuleni. Keti karibu na kukhu, mfasirie kwa Kisamia au Kiteso, na akianza kusema, simamisha filamu umwache amalize. Mwombe ruhusa umrekodi. Lakini wapo wazee waliopotelewa na watu miaka ile, watu wasiozikwa hadi leo. Akinyamaza, au akikuambia uzime, zima. Wala usimrudie kesho kwa swali lile lile.

Baada ya hapo tazama mbili kwa kufuatana. Our Land, Our Freedom ya mwaka 2023, kazi ya Zippy Kimundu na Meena Nanji, inamfuata binti wa Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, akitafuta mabaki ya baba yake, aliyenyongwa na Waingereza Kamiti mwaka 1957. Halafu The Empty Grave ya mwaka 2024, ya Cece Mlay na Agnes Lisa Wegner: familia ya Mbano kule Songea, Tanzania, inadai fuvu la babu yao aliyenyongwa na Wajerumani wakati wa Vita vya Majimaji. Hizi mbili zinauma sana, na ningependa kila kijana wa mpakani azione.

Sasa nenda Marekani, ila pitia Kongo. Raoul Peck ni mzaliwa wa Haiti aliyelelewa kwa miaka kadhaa Kongo, ambako baba yake alikuwa akifanya kazi. Aliwahi kutengeneza filamu juu ya Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na mwaka 2016 akatuletea I Am Not Your Negro, kutokana na maandishi ya James Baldwin juu ya Medgar Evers, Malcolm X na Martin Luther King. Ukimjua Lumumba kwanza, utaona mauaji yale ya Marekani na yake kule Katanga mwaka 1961 ni ya zama zile zile.

Bando likiwa shida, changeni wawili watatu, mpakue mara moja.

Na mkishachoka na vifo, wekeni As Old As My Tongue ya Andy Jones, juu ya Bi Kidude wa Zanzibar, mwimbaji wa taarabu na unyago, bibi aliyeimba mpaka uzeeni bila kuomba ruhusa ya mtu. Hiyo mwite na mama yako, na sauti muipandishe.