Namba Chini ya Kifuniko: Unaokoa Pesa ama Unaongeza Matumizi?

Kuna nyumba zina kikopo kizima cha vifuniko vya soda, na pakiti tupu za majani chai zimekunjwa vizuri kwenye droo. Hatuwacheki. Namba iliyofichwa hapo inaweza kukuletea kredo, ama shilingi kadhaa moja kwa moja kwa laini yako.

Lakini piga hesabu kwanza. Tuseme sabuni unayotumia siku zote ni shilingi 170. Kando yake kuna nyingine ya 190 yenye namba ya kredo ya 10. Ukichukua hiyo ya pili, umeongeza 20 ili upate 10. Na kama SMS ya kutuma namba inalipishwa, hasara inazidi. Ila kama ile ya 190 ndiyo wewe hununua kila mwezi, basi hiyo 10 ni yako. Ichukue!

Zawadi ya droo ni kitu kingine kabisa. Kredo ya uhakika kwa kila pakiti unaweza kuipangia. Pikipiki ya droo, tuma namba yako halafu usahau. Soda nunua kwa sababu una kiu.

Kabla ya kukwaruza, soma tarehe ya mwisho na bei ya SMS. Huandikwa kwa herufi ndogo sana. Kwaruza polepole, maana namba ikifutika imeenda. Tuma ukitumia laini yako mwenyewe, kwa kuwa zawadi kwa kawaida hufuata laini iliyotuma. Na usitupe lebo hadi zawadi iingie: ikiwa ni kubwa, unaweza kuombwa uionyeshe.

Zile shilingi ndogo zikiingia, zihamishe siku hiyo hiyo kwenye akiba. Zikibaki na pesa za matumizi zitanunua mandazi, na hutajua zilienda wapi.

Sasa hapa tafadhali soma mara mbili. Mtu akikupigia kwamba umeshinda laki moja, ila utume kwanza 500 ya "usajili", kata simu. Kupokea pesa hakuhitaji PIN yako wala ada ya kutuma kwa mtu. Ukipata SMS ya kusema pesa imeingia, usiiamini hiyo SMS peke yake. Fungua menyu, uangalie salio lako. Kama halijaongezeka, hakuna kilichoingia, hata huyo mtu akikuomba "urudishe iliyozidi".