Mdogo wangu, golini usiweke kichwa rehani

Mdogo wangu wa Kikula, umeniambia kila jioni wenzako wanajipanga kukupigia penalti mpaka jua linazama, na sasa vidole vimevimba hata kalamu huishiki. Yaya wako nimeumia kusikia hivyo.

Watu hudhani golikipa huumizwa na wapinzani. Hapana. Kwenye mechi utapigiwa mashuti matano, sita. Mazoezini unapigiwa hamsini, na wanaopiga ni rafiki zako. Penalti hupigwa mita 11 kutoka golini. Mpira wa gramu 410 hadi 450 ukija kwa kilomita 90 kwa saa, unakufikia nusu sekunde haijatimia. Mikono ikishachoka inachelewa, na hapo mpira haukuti viganja, unakuta ncha ya kidole. Basi hesabu. Mwambie kocha: kumi, kisha nipumzike au tupokezane na mwenzangu.

Kidole kikiteguka, asikivute mtu, hata mwenye nia njema. Kitie kwenye maji baridi, kifunge pamoja na jirani yake. Kikiwa kimepinda, au kesho yake hakikunjiki, nenda kikapigwe picha. Pete iache nyumbani. Sheria ya 4 ya soka inaikataza, na chini ya glavu ndipo inapofanya ubaya wake.

Lakini kidole hupona. Mimi naogopea kichwa. Oktoba 2006 Petr Čech, golikipa wa Chelsea, alipigwa goti kichwani katika mechi na Reading, fuvu likapasuka. Alirudi Januari 2007 amevaa kofia ya kukinga kichwa, akaendelea kuivaa mpaka alipostaafu 2019. Huyo ni kati ya makipa bora waliopata kucheza Uingereza.

Kwa hiyo ukigongwa na goti, na nguzo, au na ardhi yetu ya kiangazi inayokauka kama tofali, ukaona kizunguzungu, kichefuchefu, au umesahau mmefungana ngapi, toka. Siku hiyo usirudi uwanjani hata ukijiona mzima. Ubongo uliotikisika ukitikisika tena kabla haujapona, unaweza kukuua. Na ukitapika tena na tena, au usingizi ukikulemea isivyo kawaida, mama asingoje asubuhi. Akupeleke hospitali usiku huohuo.

Kesho, kabla hujavaa glavu, mwambie kocha ile hesabu ya kumi. Kisha niandikie alichokujibu.