SOMO: Siku ya Theluji Mlimani Gavia

Somo letu la robo hii linatoka mbali, kwenye milima ya kaskazini mwa Italia. Linafaa kusomwa katika kikundi, mtu mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza. Mkifika penye swali, simameni kwanza mjadiliane.

Giro d'Italia ni mbio za baiskeli zinazozunguka nchi ya Italia kwa muda wa wiki tatu. Kila siku washindani humaliza kipande kimoja cha safari. Muda wao hujumlishwa, na anayeongoza kwa jumla huvaa jezi ya rangi ya waridi. Tarehe 5 Juni 1988 kipande cha siku kilikuwa kilometa 120, kutoka Chiesa in Valmalenco hadi Bormio. Kwa watu waliozoea kwenda hata kilometa 200 kwa siku, hiyo ni safari fupi. Lakini njiani ulikuwepo mlima Gavia, ambao barabara yake hufika mita 2,621 juu ya usawa wa bahari. Wasomaji wetu wa Makete waufikirie uwanda wa Kitulo, maana kimo chake ni karibu hicho hicho. Tena wakati ule sehemu ya barabara ya Gavia ilikuwa ya changarawe, nyembamba na yenye miinuko mikali.

Asubuhi hiyo mvua ilinyesha bondeni, na habari zikaja kwamba juu kunaanguka theluji. Waandaaji wakaamua mbio ziendelee, kwa kuwa barabara ilikuwa inapitika. (Anayesema barabara inapitika mara nyingi yumo ndani ya gari.)

Viongozi wa timu moja ya Marekani, iliyoitwa 7-Eleven, walizichukua habari hizo kwa uzito. Asubuhi ile ile walikwenda madukani kununua nguo za baridi, zile za watu wanaoteleza kwenye theluji: kofia za sufu, glovu nene, makoti. Vijana wao walipakwa mafuta mazito mwilini ili maji yasiguse ngozi. Halafu wakapanga watu wa kusubiri karibu na kilele wakiwa na mifuko ya nguo kavu na chai ya moto. Mtu wao wa kutegemewa alikuwa Andy Hampsten, mwenye umri wa miaka 26.

Mbele yake alikwenda Johan van der Velde wa Uholanzi, mpanda milima hodari na mwenye uzoefu mkubwa. Alifika kileleni wa kwanza, peke yake, akiwa amevaa jezi ya mikono mifupi, kichwa wazi, theluji ikimwangukia. Hampsten alikuwa nyuma yake. Alipopokea mfuko wake alitaka kwanza kujifuta maji kichwani kabla ya kuvaa kofia, na donge zima la theluji likaporomoka kutoka kwenye nywele zake.

Simameni hapa. Kilometa zilizobaki hadi Bormio ni kama 25, karibu zote za kuteremka. Je, kazi ngumu imekwisha?

Wengi watajibu kwamba imekwisha, na hapo ndipo penye hatari. Mtu anapopanda mlima, misuli yake inafanya kazi kubwa na kutoa joto jingi. Anaweza kuwa amelowa chepechepe na asisikie baridi sana. Akianza kuteremka, miguu inapumzika na joto lile halizalishwi tena. Upepo wa mwendo unampiga kifuani, na nguo zilizolowa zinamnyang'anya joto haraka kuliko nguo kavu. Vidole vinakufa ganzi, naye anavihitaji kushika breki.

Van der Velde alianza kuteremka lakini hakufika mbali. Mwili ulimshinda, akalazimika kusimama na kutafuta hifadhi ili apate joto. Aliyekuwa wa kwanza kileleni alifika Bormio akiwa amechelewa karibu dakika 47. Hampsten naye aliteseka. Barafu iliganda kwenye miguu yake, na baada ya kuitazama mara moja aliamua asiitazame tena. Siku hiyo Erik Breukink wa Uholanzi alishinda, na Hampsten akafika sekunde 7 nyuma yake. Jezi ya waridi ikawa yake, na tarehe 12 Juni akawa Mmarekani wa kwanza kushinda Giro.

Tusimcheke Van der Velde. Hakuwa mvivu wala mjinga. Alijiandaa kwa kupanda, na kupanda alikuweza kuliko wote.

Kwa wale wanaosafiri kwa baiskeli au pikipiki nyanda za juu wakati wa mvua, kuna mambo ya kujua. Kutetemeka ni mwili unajitafutia joto. Mtu akianza kuongea ovyo, kujikwaa au kusinzia, hasa kama ameacha kutetemeka huku bado ana baridi, yuko katika hatari kubwa na anahitaji msaada wa kitabibu. Mwondoeni kwenye upepo, mvueni nguo mbichi, mfunikeni kwa vitu vikavu, mkianza na kifua na kichwa. Akiwa macho na anaweza kumeza, mpeni kinywaji cha moto chenye sukari. Msimsugue mikono na miguu. Pombe msimpe kabisa: inamfanya ajisikie ana joto wakati mwili unazidi kulipoteza.

Waandaaji nao walibadilika, ingawa polepole mno kwa maoni yangu. Mei 2013 Giro ilipangwa kupita tena Gavia, theluji ikaanguka, na safari ya siku hiyo ikafutwa. Machi 2016 siku moja ya mbio za Paris–Nice nchini Ufaransa ilisimamishwa njiani kwa sababu hiyo hiyo.

Maswali ya kujadili

Katika kikundi chenu, ni nani huamua kwamba safari iendelee wakati wa mvua? Je, yeye mwenyewe husafiri?

Fikirieni kazi moja mnayoifanya sasa. "Kilele" chake ni nini, na mmeandaa nini kwa ajili ya kuteremka?

Timu ile ilinunua nguo asubuhi ya siku yenyewe. Mfuko wenu wa nguo kavu uko wapi leo, na ufunguo wa kabati anao nani?