Uwakili wa Mfalme: Haakon wa Saba wa Norwe Wakati wa Vita, 1940–1945

Masomo: Luka 16:10–12, Warumi 13:1–7, Matendo 5:29



Twalijua sana fundisho la Mtume Paulo juu ya mamlaka, ya kwamba imewekwa na Mungu, na ya kwamba yatupasa kuitii. Lakini katika madarasa yetu huulizwa swali hili: Mtu akiunyakua utawala kwa nguvu ya silaha za wageni, je! Mkristo amtii? Nchi ya Norwe, ambayo watu wake walio wengi walikuwa Walutheri kama sisi, ililazimika kulijibu swali hilo. Na mfalme wao alitangulia kulijibu.

Haakon hakuzaliwa Norwe. Alizaliwa katika nyumba ya kifalme ya Denmark, akaitwa Carl. Mwaka 1905 Norwe ilipojitenga na Uswidi, alitakwa awe mfalme, naye hakukubali mpaka watu wenyewe waulizwe kwa kura. Karibu wanne katika kila watano wakamkubali. Ndipo akaja, akala kiapo cha kuishika katiba. Basi tangu mwanzo alijua ya kuwa kiti kile si mali yake; amekabidhiwa.

Tarehe 9 Aprili 1940 majeshi ya Ujerumani yaliishambulia Norwe. Manowari yao Blücher ilizamishwa katika ghuba ya Oslo, na kwa kukawia huko mfalme, mawaziri na Bunge wakapata nafasi ya kutoka mjini kwa gari la moshi. Jioni ile Vidkun Quisling, ambaye chama chake hakikupata kamwe hata kiti kimoja katika Bunge, alitangaza kwa redio ya kuwa yeye ndiye mkuu wa serikali. Siku ya pili yake mjumbe wa Ujerumani alionana na mfalme huko Elverum, akamtaka amkubali Quisling.

Jambo hili lilikuwa zito. Akikataa, damu ya watu wake itamwagika. Huko Denmark, Mfalme Christian, ndugu yake mwenyewe, alikuwa amekwisha kusalimu amri siku ya kwanza. Haakon aliwaambia mawaziri wake kwamba hawalazimishi. Na waamue wao. Bali yeye hawezi kumweka mtu ambaye watu hawana imani naye. Wakiona hapana budi, ataacha ufalme. Mawaziri wakawa shauri moja naye. Tarehe 11 Aprili ndege zilikipiga mabomu kijiji cha Nybergsund alimokuwa, naye akajificha msituni katika theluji pamoja na mwanawe Olav. Tarehe 7 Juni waliondoka Tromsø kwa manowari ya Waingereza.

Baadaye wakuu wa Bunge, wakisongwa na Wajerumani, walimwandikia aache ufalme. Tarehe 3 Julai alijibu kutoka London ya kuwa ombi hilo si neno la watu walio huru, wala hawezi kulipokea. Angalieni: mwezi wa Aprili alikuwa tayari kukiacha kiti, mwezi wa Julai alikataa kukiacha. Je! alikuwa kigeugeu? Sivyo. Mara zote mbili hakuuliza, “Nitapata nini?” bali, “Niliapa nini?”

Kanisa nalo lilijaribiwa. Tarehe 1 Februari 1942 Quisling alifanywa waziri-rais. Siku hiyo huko Trondheim polisi waliwazuia watu wasiingie katika kanisa kuu kwa ibada ya mchungaji wao Arne Fjellbu. Nao wakasimama nje katika baridi kali, wakaimba wimbo wa Luther uliotokana na Zaburi 46. Tena ikatolewa sheria ya kuwatia watoto wote, tangu miaka 10 hata 18, katika chama cha vijana cha Quisling. Tarehe 24 Februari maaskofu wote saba waliacha kazi ya serikali. Siku ya Pasaka, tarehe 5 Aprili, ungamo lao lilisomwa makanisani, na wachungaji karibu wote wakafuata. Waliacha cheo na mshahara wa serikali, lakini hawakuacha kuhubiri, wala kubatiza, wala kuzika wafu. Nao Wakristo wakawalisha kwa sadaka zao. Askofu Eivind Berggrav alifungwa mpaka karibu na mwisho wa vita.

Tarehe 7 Juni 1945, miaka mitano kamili tangu kuondoka kwake, mfalme alirudi Oslo.

Basi, ndugu, tujifunze kutofautisha cheo na wito. Cheo hutoka kwa wanadamu, na mwanadamu aweza kukiondoa. Wito hutoka kwa Mungu. Utii wa Warumi 13 hautuamuru kumwuza aliyekabidhiwa kwetu ili tukae salama katika kiti. Mzee wa kanisa, mwalimu wa katekisimu, na mzazi nyumbani, kila mmoja ni wakili. Siku moja ataulizwa habari ya uwakili wake, wala hataulizwa alikaa kitini miaka mingapi.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini Haakon hakuwalazimisha mawaziri wake?
2. Wachungaji wa Norwe waliacha nini, nao walishika nini?
3. Katika kazi uliyokabidhiwa, ni jambo gani usiloweza kulitenda hata ukinyang’anywa kazi yenyewe?