Sikio, Dawa na Kizunguzungu cha Babu

Ndugu msomaji, kabla hujakimbilia ukurasa wa vitendawili, nakuomba ufanye jaribio dogo. Shika jarida hili mbele ya uso wako, kisha ulitikise kushoto na kulia upesi upesi huku kichwa chako kimetulia. Maandishi yamevurugika, sivyo? Haya, sasa jarida litulie, nawe utikise kichwa kama mtu anayekataa jambo. Unasoma! Unasoma neno kwa neno kana kwamba hakuna kilichotikisika.

Nilipowafanyia wenzangu jaribio hili darasani, wote walisema ni kazi ya macho. Si macho peke yake. Bwana mkubwa hapo ni sikio. Ndani kabisa ya sikio mna chombo kinachopima kila mzunguko wa kichwa na kuyaarifu macho yageuke upande wa pili kwa kiasi kile kile, ili kile unachokitazama kibaki mahali pake. Babu yangu hana chombo hicho. Alikuwa nacho, kikafa, na kilichokiua ni dawa iliyomponya.

Babu anaishi Kakuma, nami nasoma hapa Lodwar, mwendo wa kilomita kama 120. Tangu nikiwa mdogo nilijua mambo mawili juu yake: kwamba hanywi pombe, na kwamba watu husema anakunywa. Mchana anatembea kama mchungaji yeyote, fimbo begani. Jua likitua, miguu inaanza kumsaliti. Anapepesuka, anapanua hatua, anashika ua wa watu. Akiteremka kwenye mchanga wa mto Tarach usiku, anaanguka. Usiku mmoja tulikuwa tunatoka kanisani kwenye kesha, vijana fulani wakacheka na kusema, "Mzee ameshapiga maji tena." Babu hakujibu. Na mimi, wacha niseme ukweli, nilipunguza mwendo ili wasijue kwamba tuko pamoja.

Mada ya sikio katika bayolojia ni ya kidato cha nne, lakini niliazima kitabu cha dada yangu na kuanza kusoma mbele. Hapo ndipo nilipopata aibu ya kweli.

Sehemu za nje wengi tunazijua: tundu la sikio, kiwambo, kisha vile vifupa vitatu vinavyoitwa nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini, urefu wake kama milimita 3 tu. Lakini maajabu yako ndani zaidi. Kuna koklea, mrija uliojiviringa kama gamba la konokono unaloweza kuliokota ufukweni mwa Ziwa Turkana. Umejaa maji, na ndani yake zimepangwa seli kama 15,000 zenye vinyweleo vidogo sana. Sauti ikitikisa maji, vinyweleo vinapinda, na ubongo unapata habari.

Kando ya koklea kuna mifereji mitatu ya nusu duara, nayo ina maji na seli za vinyweleo za namna hiyo hiyo. Kila mfereji umeelekea upande wake, ndiyo maana unajua kama umeitikia, umekataa au umeegemeza kichwa begani, hata macho yakiwa yamefumbwa. Viko pia vifuko viwili vyenye vijiwe vidogo vya chokaa. Hivi vinakuambia chini ni wapi, na matatu ikifunga breki ghafla vinajua kabla yako. (Wakati mwingine vijiwe hivyo hutoka mahali pake na kuingia mferejini. Mtu akigeuka kitandani anaona nyumba inazunguka kwa muda usiofika dakika moja. Hiyo haihitaji vidonge. Daktari anayejua humlaza mgonjwa na kukigeuza kichwa chake kwa utaratibu maalumu mpaka vijiwe virudi. Njia hiyo iligunduliwa na Mmarekani John Epley.)

Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Mwili nao husimama kwa mafiga matatu: macho, nyayo pamoja na viungo vya miguu, na sikio la ndani. Babu amepoteza figa la sikio. Mchana chungu kinakaa juu ya mawili yaliyobaki. Usiku macho yanaondoka. Akikanyaga mchanga unaodidimia, nyayo nazo hazina habari ya kuaminika. Chungu kitakosaje kupinduka? Mlevi na babu huanguka kwa namna moja, lakini sababu zao haziko hata katika ukurasa mmoja.

Likizo iliyofuata nilimwuliza babu ilianza lini. Alinitazama kwanza, kisha akasema, "Mjukuu wangu, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza hivyo. Wengine huniuliza nimekunywa wapi." Akanieleza kwamba mwaka 2006 kifua kikuu kilimrudia mara ya pili. Wakati ule aliyerudiwa na ugonjwa huo alidungwa sindano ya streptomaisini kila siku kwa miezi miwili, pamoja na vidonge vyake. Sindano 60! Yapata wiki ya sita alianza kusikia mlio masikioni kama wa nyenje, na ardhi ikawa inaelea kama mtumbwi. Hakumwambia mtu. Aliogopa akisema ataambiwa dawa imekataa na aanze upya, na mbuzi wake walikuwa mikononi mwa watu. Akamaliza sindano zote, kifua kikapona. Mlio ukapungua baada ya miezi. Ardhi haikutulia tena mpaka leo. Akitembea haraka, hata mchana, mbuzi walio mbali anawaona wanarukaruka.

Nikafikiri ni maneno ya uzee. Kumbe limeandikwa zamani. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Marekani aliyeharibiwa mizani ya mwili na dawa hiyo hiyo alieleza habari zake katika jarida la utabibu. Alisema kwamba ili asome kitandani ilimbidi akibane kichwa katikati ya vyuma vya kitanda, kwa sababu hata mapigo ya moyo yalitosha kuyarusha maandishi. Daktari na mchungaji, Marekani na Kakuma, na malalamiko ni yale yale.

Streptomaisini yenyewe si adui, na hapa naomba nisieleweke vibaya. Iligunduliwa mwaka 1943 na Albert Schatz, mwanafunzi wa miaka 23, katika maabara ya Profesa Selman Waksman kule New Jersey. Vijidudu vinavyoitoa alivipata katika udongo wenye samadi na katika koo la kuku. Kabla yake hapakuwa na dawa ya kuua kifua kikuu. Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1952 alipewa profesa peke yake, jambo ambalo sisi wanafunzi tuna maoni yetu juu yake, lakini walimu wetu nao wanasoma jarida hili. Hapa kwetu pia dawa hiyo ina historia. Majaribio makubwa yaliyofanywa Afrika Mashariki na kuchapishwa mwaka 1972 ndiyo yaliyoonyesha kwamba kifua kikuu kinaweza kutibiwa kwa miezi 6 badala ya mwaka na zaidi, na streptomaisini ilikuwa mojawapo ya dawa zilizotumiwa.

Ubaya wake ni kwamba huingia katika maji ya sikio la ndani na kuua seli za vinyweleo. Streptomaisini na jentamaisini hupenda zaidi kuharibu mizani ya mwili. Kanamaisini na amikasini hupenda zaidi kuharibu usikivu, na huanza na sauti nyembamba: ndege, njuga za mbuzi, sauti za watoto. Kwa binadamu, seli hizo zikifa katika koklea hazioti tena. Kwa kuku zinaota! Kuku akipoteza usikivu, baada ya wiki chache seli mpya zinachipuka. Wataalamu wamelijua hilo tangu miaka ya 1980 na bado wanatafuta siri yake. Yaani kuku alitupatia dawa, akabaki na kinga.

Habari njema ni kwamba mambo yamebadilika. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba ile tiba ya marudio yenye streptomaisini isitolewe tena. Mwaka 2018 likashauri kanamaisini iachwe hata kwa kifua kikuu sugu. Siku hizi wagonjwa wengi wa kifua kikuu humeza vidonge tu, na vile vidonge vinne vya kuanzia havijulikani kwa kuua sikio. Kwa hiyo kama nyumbani kwenu kuna mtu ameandikiwa dawa za TB, usikimbie kumwambia aache eti umesoma katika jarida kwamba zinaleta uziwi. Akiacha, ugonjwa utamrudia kama ulivyomrudia babu, na ndio uliomfikisha kwenye sindano.

Dawa nyingine wazazi wetu wanaijua sana, nayo ni kwinini. Mama yangu alipokuwa msichana alitundikiwa chupa ya kwinini kwa malaria kali, akakaa siku tatu akisikia mvumo kama wa gari la mbali. Karibu kila aliyewahi kuipata kwa wingi atakuambia hivyo hivyo. Kwa kawaida mvumo wa kwinini huisha dawa ikiisha mwilini. Baada ya utafiti uliofanywa katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo, na kutangazwa mwaka 2010, sindano ya artesuneti imechukua nafasi ya kwinini kwa malaria kali, kwa kuwa iliokoa watoto wengi zaidi.

Sasa huo mlio wenyewe ni nini? Wapo wanaosema sikio likilia mtu anakusengenya. Mlio wa sekunde chache unaokuja na kupotea humpata kila mtu, usikuondolee usingizi. Ule unaokaa ndio wa kuulizia. Mara nyingi hautoki nje wala si pepo. Seli zikifa, ubongo unakosa habari uliyoizoea, nao hufanya kama mtu aliyekosa stesheni ya redio: anaongeza sauti mpaka anasikia ule mvumo mtupu. Hivyo ndivyo wataalamu wengi wanavyoeleza.

Sisi vijana tunazidi kujitafutia mlio huo kwa kelele. Sauti ya desibeli 85 mtu anaweza kuivumilia kwa saa 8 kwa siku. Kila ukiongeza desibeli 3, muda salama unakatika nusu. Ikifika 100, una dakika 15 tu. Sasa jipimie mwenyewe: spika za matanga unazosimama mbele yake usiku kucha, au vile vispika vidogo unavyotia masikioni ukienda nyumbani. Ukitoka hapo masikio yanalia nziiii, ujue umeshachukua mkopo.

Jirani yetu mmoja hapa Lodwar aliendesha mashine ya kusaga unga kwa miaka mingi bila kuziba masikio. Mlio wake hauishi. Alimaliza pesa kwa kununua matone ya sikio kila alipoelekezwa, mpaka daktari alipomwambia wazi kwamba hakuna tone wala kidonge cha kuufuta mlio wa namna hiyo. Alimtazama kwanza kama ana nta iliyoziba, usaha, shinikizo la damu au upungufu wa damu, maana hizo zinatibika na mlio huondoka nazo. Kisha akamfundisha kuishi nao. Asilale katika kimya kabisa, awashe redio kwa sauti ya chini, au alale nje asikie upepo. Kifaa cha kusaidia kusikia nacho humpunguzia mlio mtu aliyepungukiwa na usikivu. Siku hizi jirani anasema mlio upo, lakini hausikilizi.

Yako mambo ambayo hayangoji. Sikio likiziba na kuwa kiziwi ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa hufaa zaidi likiwahiwa katika siku za mwanzo. Vivyo hivyo mlio wa sikio moja tu usioisha, mlio unaopiga pamoja na moyo, au kizunguzungu kinachokuja na uso kupooza upande mmoja au ulimi kuwa mzito. Na unapotibiwa kwa sindano zozote, mlio au ardhi kuelea ni habari ya kumwambia nesi siku ileile, si baada ya sindano ya 60. Sikio haliumi likifa namna hii. Huo mlio ndio ukelele wake. Tena usichokoe sikio kwa njiti ya kiberiti wala unyoya, na mafuta ya moto tuyaache jikoni.

Kwa babu, seli haziwezi kurudi, lakini ubongo unaweza kufundishwa kutegemea mafiga mengine. Mazoezi haya yalianzishwa na madaktari wawili Waingereza, Cawthorne na Cooksey, katika miaka ya 1940 kwa ajili ya askari waliojeruhiwa. Mtu hukazia macho kitu kimoja na kugeuza kichwa polepole, halafu haraka kidogo, akiwa ameketi, baadaye amesimama, baadaye anatembea. Mhudumu mmoja wa hospitali alituonyesha. Babu hukazia macho msumari uliopigwa kwenye mti, asubuhi na jioni, nami au binamu yangu tukiwa karibu asianguke. Tulimwambia pia asiingie mtoni maji yakijaa, kwa sababu mtu wa hali yake akizama na macho hayaoni, hajui juu ni wapi. Hilo alikuwa ameshaligundua mwenyewe kwa njia mbaya, ila hakupenda kusimulia.

Pesa nilizokuwa nimeweka za viatu nilinunulia tochi ya sola. Desemba tulikwenda kesha tena. Tuliporudi nilitembea upande wake wa kushoto, mwanga nikiuelekeza mbele ya miguu yake, naye akashika bega langu tulipofika mchangani. Wale vijana walikuwepo pale pale. Mmoja akauliza kama mzee ameacha. Nikamwambia asimame kwa mguu mmoja, afumbe macho, ahesabu mpaka 20.

Alifika 7.