Wanamdhari: Makalasinga Wavaao Nyeupe

Huku Kasulu na Kibondo, mtu akimwona Mhindi mwenye kilemba na ndevu ndefu husema, "Huyo Kalasinga," na habari ikaishia hapo. Lakini katika Makalasinga mna jamaa waitwao Wanamdhari. Kilemba chao ni cheupe, hufungwa sawasawa juu ya paji la uso, na nguo zao ni nyeupe pia. Wako Kenya na Tanzania, watu ambao asili yao ni Punjab, Bara Hindi, walikotoka mafundi wengi tangu reli ya Mombasa ilipoanza kujengwa mwaka 1896. Natutazame wanaamini nini, kwani imani hiyo iliwagharimu sana.

Dini ya Makalasinga ilianzishwa na Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469. Guru maana yake ni mwalimu. Alifundisha kuwa Mungu ni mmoja, wala hana sanamu. Walifuata walimu wengine tisa. Makalasinga walio wengi wasema kuwa yule wa kumi, Gobind Singh, alipofariki mwaka 1708 hakumwachia mtu kiti, bali alikiachia kitabu kitakatifu, Guru Granth Sahib. Hapo ndipo Wanamdhari waachanapo na wenzao. Wao wasema hakufa mwaka ule. Aliishi kwa siri, akamrithisha Balak Singh, naye akamrithisha Ram Singh. Kitabu wanakiheshimu na kukisoma, lakini guru wao ni mtu aliye hai. Msomaji asidhani ni jambo dogo. Hata katika ukoo, mzee akifariki, watu huulizana: tufuate wosia aliouacha, au aliyekalia kiti chake?

Mnamdhari huamka kabla ya alfajiri, huoga mwili mzima pamoja na kichwa, kisha hukaa akilitaja Jina la Mungu kimoyomoyo, akihesabu kwa tasbihi ya sufu nyeupe yenye mafundo 108. (Aliyewahi kuoga maji ya Kasulu saa kumi ya usiku mwezi wa Juni atajua kuwa si ibada ya mchezo.) Jina hilo hunong'onezwa sikioni siku aingiapo katika dini, wala halitangazwi. Namdhari maana yake ni mwenye kulishika Jina. Hali nyama, hanywi pombe, havuti tumbaku. Wana pia ibada ya moto, ambapo samli humiminwa motoni huku maandiko yakisomwa.

Ndoa zao zinastahili kutazamwa na wazazi. Kwetu mahari hutoka upande wa mume. Kule Punjab mzigo ulikuwa juu ya baba wa binti, na wengi walizama katika deni. Mwaka 1863 Ram Singh alianzisha ndoa isiyo na mali wala karamu kubwa. Bwana na bibi arusi huuzunguka moto mara nne huku nyimbo takatifu zikiimbwa, na basi.

Ram Singh aliwaambia wafuasi wake pia waache nguo za kigeni, mahakama za Waingereza, shule zao, hata posta yao. Wakavaa kitambaa kilichofumwa nyumbani na kupeleka barua kwa matarishi wao wenyewe. Wazee wanaokumbuka Azimio la Arusha la mwaka 1967 watalitambua wazo hilo. Serikali iliona hatari. Januari 1872 kundi la Wanamdhari, wenye hasira juu ya kuchinjwa kwa ng'ombe, lilishambulia mji wa Malerkotla, ingawa Ram Singh mwenyewe alikuwa amejaribu kuwazuia. Waliokamatwa, zaidi ya 60, waliuawa kwa kufungwa mbele ya midomo ya mizinga, bila kesi ya haki.

Ram Singh naye alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Rangoon, Burma. Serikali iliandika kuwa alifia huko mwaka 1885. Wanamdhari hawakukubali, waamini kuwa angali hai, nao wangojea arudi.